Shanga za Saada na Pingili Mbili za Chini

Nyie vijana mnaoingia chumba cha vipimo na vyeti vyenu vipya, mie ndiyo nimetoka. Nimestaafu, nakaa Yombo, nafuga kuku sita na kubishana na jirani kuhusu mfereji wa maji machafu. Lakini kila asubuhi ikifika saa moja na nusu, mkono wangu wa kulia unanyanyuka wenyewe kutafuta swichi ukutani. Swichi hakuna, kuna kalenda ya kanisa. Nacheka peke yangu, halafu roho inaniuma. Sikuwahi kufikiri kama mtu anaweza kutamani mlio wa mashine.

Kazi yangu ilikuwa kupima uimara wa mifupa, kwenye hospitali moja upande wa Kinondoni, si mbali na Mwenge. Mgonjwa analala chali, mkono wa mashine unapita juu yake taratibu bila kumgusa, na mionzi kidogo sana inatuambia mifupa yake ina madini kiasi gani. Hakuna sindano wala maumivu. Wagonjwa waliniita dokta, na mie kwa uvivu wa kubisha nikawa naitika. Mie si daktari. Nilikuwa mpimaji, na mpimaji akikosea, daktari anakosea bila kujua. Hilo mtaliona mbele.

Kabla ya mgonjwa wa kwanza nilikuwa nampima Mzee Thabiti. Usishtuke. Mzee Thabiti alikuwa kipande cha plastiki chenye mfano wa pingili nne za mgongo. Unakipima kila siku, na kila siku lazima kitoe namba ileile. Kikitoa namba nyingine, basi mashine ndiyo inaumwa, na siku hiyo usimlaze mtu. Kuna dada wa usafi alinisikia nikisema, "Leo Mzee Thabiti kaamka salama," akaweka ufagio chini. "Mie sifagii na maiti humu!" Akatoka mbio. Ilibidi Bi Tatu amfuate uani na kile kiplastiki mkononi, amshikishe, ndipo akarudi, na bado kwa wiki nzima alikuwa akipita mlangoni anasoma dua.

Huyo Bi Tatu ndiye aliyenifundisha kazi. Chuo kilinifundisha vitufe. Yeye alikuwa mhudumu wa chumba changu, mzaliwa wa Temeke, asili yao Kimbiji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia watu shughulini. Kazi yake ilikuwa kuwapokea wagonjwa, hasa wanawake, na kuhakikisha wanalala kitandani bila kitu cha kudanganya mashine. Maana mashine ile haina akili. Ikiona sarafu juu ya mfupa, inahesabu sarafu kuwa mfupa. Bi Tatu alikuwa anafukua ufunguo kwenye sidiria, hela kwenye pindo la khanga, pini, zipu, vifungo. Mzee mmoja alikataa katakata kuvua hirizi yake ya kiunoni, yenye bati la shaba ndani. Mie nilishaanza kupandisha hasira. Bi Tatu akaniambia nikae kimya, akamwambia yule mzee, "Baba, usiivue. Ipandishe begani tu, ikulinde na hii mashine, maana yenyewe inatokea juu." Mzee akaona ni hoja, akaipandisha. Mgongo ukapimika safi.

"Unaona, Mpare?" akaniambia baadaye. "Wewe unajua kubisha. Mtu habishiwi, anapewa njia."

Nilicheka. Laiti ningeshika.

Sasa niwaambie habari ya Saada.

Aliletwa akiwa binti wa miaka ishirini na kitu, fundi cherehani wa Tandika, ndiyo kwanza ametoka arobaini ya uzazi wa kwanza. Mgongo ulianza kumuuma mtoto akiwa na wiki tatu. Mama yake alikuwa akimkanda kwa maji ya moto kama ada ya mzazi, na kila akikandwa binti analia. Wakadhani ni maumivu ya kawaida ya uzazi. Wakamkaza mkaja, kile kitambaa cha kumfunga mzazi tumbo lirudi, kilio kikazidi. Siku moja akainama kumtoa mtoto kwenye beseni la kuogea, akasikia kitu kimelia ndani ya mgongo, akashindwa kunyooka. Eksirei ikaonyesha pingili mbili zimebonyea. Binti ambaye hakuanguka popote, hakugongwa na kitu.

Daktari wetu wa mifupa, mwanamama mrefu asiyecheka ovyo, akatueleza kuwa huo ni ugonjwa adimu. Wapo wanawake wachache sana ambao mimba na kunyonyesha huinyang'anya mifupa yao madini kupita kiasi, hata mgongo unakatika kwa kuinama tu. Alikuwa ameusoma, hajawahi kuuona. Sie wengine hata kuusoma hatukuwahi. Saada akaambiwa aache kunyonyesha, akapewa dawa, akakatazwa kunyanyua kitu chochote kizito kuliko birika la chai.

"Na mwanangu?" akauliza.

"Mtoto ni mzito kuliko birika," daktari akasema. "Utapakatishwa ukiwa umekaa. Kumnyanyua, hapana."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kipimo kiseme mifupa imerudi."

Saada alikuwa amelala kwenye kitanda cha mashine yangu wakati huo. Akageuza kichwa akanitazama, macho yamejaa machozi lakini hayamwagiki. "Basi baba, wewe ndiye utakayenipa mwanangu."

Nikamwambia, "Inshallah." Mie, mtoto wa mzee wa kanisa.

Siku hiyo nilimpima akiwa hana kitu mwilini zaidi ya gauni la hospitali. Kiuno chake kilikuwa hakivumilii hata uzi. Namba zilikuwa za chini mno, za bibi kizee. Nikaziandika. Nje kwenye benchi mama yake alikuwa anambembeleza yule mtoto, Nasra, anayelia akitaka ziwa alilonyimwa.

Hapa nipumzike kidogo niwape mambo ya kazi, maana najua nyie mnapenda kuruka. Mtu wa namna hii hapimwi mara moja ukamaliza. Unampima, unasubiri, unampima tena, na dawa inafuata kile kipimo kinachosema. Kwa hiyo mpimie mashine ileile. Mlaze vilevile kama mlivyomlaza mwanzo, miguu juu ya boksi lilelile. Tofauti ikiwa ndogo, usishangilie wala usilie, huenda mashine inatetemeka tu, hata nyie mkijipima mara mbili kwenye mzani wa dukani namba hazifanani. Na jambo la mwisho, ambalo ningekuwa na uwezo ningelichora kwenye paji la uso la kila mpimaji: tazama picha kabla ya namba.

Nililijua hilo. Nilikuwa nawafundisha hilo wenzenu waliokuja mafunzo kwa vitendo.

Mwaka ukapita, Saada akarudi kupimwa. Bi Tatu hakuwepo, alikwenda kuzika Kimbiji, na njia ya kule ikishika mvua hurudi leo wala kesho. Saada aliingia anatembea amenyooka, amepaka hina, anacheka. Nikampa gauni, nikavuta pazia, nikageukia ukutani mpaka aliposema, "Tayari baba." Akalala. Mkono wa mashine ukapita. Mgongo ukajichora kwenye kompyuta, pingili baada ya pingili, na juu ya pingili mbili za chini ukakatiza mstari wa vinukta vidogo vidogo vimeshikana, kama mbegu za mchicha zilizopangwa kwenye uzi.

Nilijua ni nini. Miaka yote ile Dar es Salaam, nani asiyejua shanga? Shanga za kiunoni ni za mwanamke na mumewe. Mwanamume mwingine hazioni, na akiziona kwa bahati mbaya hazisemi. Masikio yaliniwaka moto. Nikajiuliza, nimwambieje binti wa watu avue shanga, humu ndani tuko wawili? Atakwenda kusema nini kwao? Nikajidanganya kuwa vishanga vya kioo vile, vina uzito gani? Nikageuza macho kwenye picha, nikabonyeza kitufe cha kuchapa.

Kioo, wanangu, mashine inakihesabu kuwa mfupa.

Na namba zenyewe zilipiga kelele. Mashine inapima pingili nne za kiunoni, chini ya zile zilizobonyea, na mbili za juu zilikuwa zimeshuka zaidi. Mbili za chini zimepanda ghafla. Mfupa si andazi, hauumuki hivyo. Lakini mashine inachukua zote nne inatoa wastani, na wastani ulikuwa umepanda. Siku hiyo daktari alikuwa na foleni mpaka koridoni. Akasoma wastani niliompa, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu. "Mifupa inarudi. Anza kumbeba, kidogo kidogo."

Mlango wa chumba changu ulikuwa na kioo kidogo. Nilimwona Saada akifika kwenye benchi, akimwambia mama yake, "Nipe." Mama yake akasita. "Nipe, mama. Daktari kasema." Akamchukua Nasra, akamnyanyua, akauzika uso wake shingoni mwa mtoto anamnusa. Mama yake akapiga kigelegele pale pale koridoni, wagonjwa wakageuka, wengine wakapokea. Mie mwenyewe nilipiga makofi. Hilo la makofi linaniuma kuliko mengine yote.

Hazikupita wiki mbili. Alirudishwa kwa bajaji, amelala kichwa juu ya mapaja ya mama yake, khanga imeloa jasho. Pingili nyingine ilikuwa imebonyea. Alikuwa amemnyanyua mtoto kutoka mkekani.

Bi Tatu alikuwa amerudi. Baada ya Saada kulazwa wodini, akaja chumbani, akasema, "Nionyeshe picha ya siku ile." Nikaifungua. Hakuwa amesoma hata siku moja mambo ya mionzi, lakini aliweka kidole juu ya vile vinukta moja kwa moja.

"Baba Eliya, hizi nini?"

"Shanga."

"Ulizijua siku ile ile?"

Ningeweza kusema hapana. "Nilizijua."

"Na hukusema."

"Bi Tatu, ningesemaje? Mie mwanamume. Ni heshima tu nilikuwa..."

"Heshima!" Aliipiga meza mpaka Mzee Thabiti akaanguka. "Heshima gani hiyo ya kumvunja mtu mgongo? Ungemheshimu ungefungua mdomo. Wewe hukumwonea yeye haya, ulijionea haya wewe!"

Mpare nikakosa cha kubisha. Nilikwenda kwa daktari nikasema yote, akanisema maneno ambayo siyaandiki hapa, na nilistahili. Kisha akaniambia, "Kwa Saada utakwenda mwenyewe."

Nilikwenda wodini saa za kuona wagonjwa. Mama yake alikuwepo, na mwanamke mmoja mtu mzima ambaye Saada alimwita somo, yaani yule aliyemfunda alipovunja ungo. Ikabidi niseme mbele yao wote. Nilisema huku nikitazama sakafu: nimeona shanga, nimenyamaza, zimeidanganya mashine, mashine imemdanganya daktari.

Yule somo akajipiga kifua. "Basi ni mie. Mie ndiye niliyemwambia azivae. Nilimwambia, mwanangu, mwaka mzima umekuwa mgonjwa, rudi sasa kuwa mwanamke. Na nilimfunda toka zamani, shanga hazivuliwi mbele ya mwanamume."

"Si wewe, mama," nikasema. "Ni mie."

Saada alikuwa ametazama dari muda wote. Nilitegemea matusi, na matusi ningeyabeba. Akasema taratibu, "Kwa hiyo zile siku nilizombeba zilikuwa za uongo?"

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nyuma, mtu mzima na miwani yangu, nikalia.

Tangu hapo Bi Tatu alinifundisha neno la kusema, kwa siku ambazo yeye hayupo. Alinisimamisha mbele yake, yeye akajifanya mgonjwa, akanirudisha mara tatu kwa kuwa, alisema, naongea kama askari wa ushuru. Neno lenyewe ni hili, na ndilo urithi wangu kwenu: "Mwanangu, kama kuna kilichobaki mwilini ambacho si nguo, kipumzishe kidogo, utakirudia." Basi. Hujataja kitu, hujamvua mtu heshima. Nimelisema kwa wanawake wa kila namna, kutoka Temeke mpaka Mwenge, hakuna hata mmoja aliyekasirika. Wengine walicheka. Neno fupi hivyo, na lilinishinda siku niliyolihitaji.

Saada angeweza kwenda hospitali nyingine. Alirudi kwetu, maana daktari alimwambia akibadilisha mashine hesabu zinaanza upya. Mwaka wa kwanza hakunisalimia. Alizivua shanga zake nyuma ya pazia, akazifunga kwenye leso, akamkabidhi Bi Tatu, akalala. Nikatazama picha mara tatu. Namba zilikuwa zimepanda kidogo tu.

"Bado?" akauliza, huku anatazama dari.

"Utamsikia daktari," nikasema. Halafu nikashindwa. "Bado, mwanangu. Lakini zinapanda zote nne."

Mwaka uliofuata aliniamkia. Nasra alikuwa anatembea ameshika khanga ya bibi yake. Mwaka mwingine Nasra akaingia mwenyewe, "Shikamoo babu," akataka kujua Mzee Thabiti ni wa nani na mbona hana kichwa. Bi Tatu akamweleza kuwa kichwa kiko likizo. Kila mwaka leso ile ile, swali lile lile, "Bado?" na jibu langu lile lile. Mifupa ilikuwa inarudi, ndiyo. Lakini mfupa unarudi kwa mwendo wake, na mtoto hamsubiri mtu. Kila nikifungua mlango namwona Nasra amerefuka, na moyo unanishuka. Nilikuwa nafurahia namba huku nauchukia urefu wa mtoto wa watu. Mwaka mmoja mzima kati ya miaka hiyo niliupoteza mie, wakati Nasra bado anaenea kwenye mbeleko.

Sasa hivi mashine zenu zinapima haraka, picha inapelekwa kwenye simu ya daktari kabla mgonjwa hajafunga vifungo. Vizuri. Mie nakitamani kile chumba chetu cha zamani, baridi yake, karatasi zilizofifia wino, Bi Tatu akiimba kwa sauti ndogo nyuma ya pazia. Amerudi Kimbiji kwa mihogo yake. Nampigia simu siku za Ijumaa, ananiuliza, "Bado unabisha?" Nikikata simu nyumba inakuwa kimya sana.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, Saada alikuja. Nasra ana miaka sita, sare ya shule, meno mawili ya mbele hayapo. Leso ikaenda kwa Bi Tatu. Nikampima. Nikatazama picha: safi, hakuna hata kinukta. Nikatazama namba. Nikampima Mzee Thabiti palepale kuhakikisha mashine ni nzima, kisha nikambembeleza Saada alale tena, nikampima mara ya pili. Pingili zote nne zilikuwa zimepanda, kwa pamoja, kwa utulivu, kama mifupa inavyopanda kweli. Daktari nilimwita aje mwenyewe. Alikaa na picha muda mrefu, akakubali. "Kwa akili," akamwambia Saada. "Piga magoti, usiiname. Na si kila siku."

Saada alikuwa ameshavaa baibui lake. Hakuniuliza "bado." Alipiga magoti sakafuni, mgongo wima, akafungua mikono.

"Nasra, njoo nikubebe."

"Aa, mama! Mie mkubwa."

"Mkubwa kwa nani? Njoo."

Mtoto akatutazama, Bi Tatu, daktari, mie. "Babu anaangalia," akanong'ona.

Adabu ilikuwa nigeukie ukutani. Sikugeuka. Nilitazama mpaka mwisho.

Nasra akajisogeza kwa aibu, akaweka mikono shingoni mwa mama yake. Saada akavuta pumzi, akasimama. Miguu ya mtoto ilimfika magotini, viatu vya shule vinagongana. Daktari alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Saada akapiga hatua ya kwanza kuelekea mlangoni, ya pili, na Nasra akaacha kuona aibu, akalaza kichwa begani, akafumba macho.

Bi Tatu ndiye aliyekumbuka. Akanyanyua ile leso yenye shanga. "Saada! Vitu vyako hivi unaviacha!"

Saada hakugeuka. Alikuwa ameshafika mlangoni.

"Nishikie kwanza, Bi Tatu," akasema. "Mikono yangu imejaa."